Naomba ushauri: nampeleka mwanangu uwanja wa Talladega kutazama mbio za magari za NASCAR
Habari zenu wapendwa. Naishi Atlanta, na Oktoba nataka kumpeleka mwanangu wa miaka 7 Talladega, kule Alabama, wikiendi nzima. Tangu Bubba Wallace ashinde pale mwaka 2021, kwetu hakuna dereva mwingine.

Mwaka jana nilienda peke yangu uwanja mwingine, nikakata tiketi ya safu za chini kwa kuwa ni nafuu. Nilikosea. Magari yakipita, vipande vya mpira wa tairi vinakurukia mpaka usoni. Nilirudi na chembe nyeusi kwenye kola ya shati, na upande wa pili wa uwanja sikuona kitu. Talladega mzunguko mmoja ni maili 2.66 na kona zimeinama nyuzi 33, kwa hiyo safari hii tunakaa juu. Ila juu wapi? Mstari wa kumalizia pale uko karibu na kona ya kwanza, si katikati kama viwanja vingi. Tukae huko, au mkabala na sehemu ya kubadilishia matairi?

La pili, masikio. Hedifoni za watoto za kuzuia kelele zinatosha kwa saa tatu, au nimwekee na vizibo vya sponji ndani? Mama yake amekubali kwa sharti hilo tu.

Halafu kulala: hema Jumamosi, au tuondoke Atlanta alfajiri ya Jumapili? Foleni ya kurudi inanitia hofu, Jumatatu ana shule. Mliowahi kwenda na watoto, nisaidieni tafadhali.