Mchicha wa Themi: vipimo vya kemikali vitangazwe au visitangazwe?

BustaniBondeni: Wakuu, nauliza kwa uchungu. Mto Themi unapita katikati ya Arusha, unapokea maji ya gereji na mitaro, kisha sisi wa chini tunamwagilia figiri na mchicha. Jana nimechota ndoo, juu yake utando wa mafuta unang'aa rangirangi. Mboga hizo ndizo mnazokula mjini. Nataka vipimo vya kemikali zisizooza, zikiwemo dawa za zamani za kuua wadudu kama DDT, vibandikwe hadharani kila msimu. Na visima navyo vipimwe.

MzeeWaKihamba: Mkibandika namba leo, kesho hakuna anayenunua mboga soko la Kilombero. Wale akina mama watalisha watoto nini? Halafu nyie wa Arusha mnahangaika na DDT wakati maji yenu yameshawapaka meno rangi tangu utotoni.

KemiaKidogo: Hofu ya soko naielewa. Ila mkipima, pimeni tope. DDT haiyeyuki vizuri kwenye maji, inang'ang'ania tope na mafuta. Ukipeleka chupa moja ya maji maabara utaambiwa safi, kumbe yenyewe imelala chini. Hata mkataba wa Stockholm wa 2004, ule wa kimataifa wa kudhibiti kemikali zisizooza, umeitaja.

FundiPampu: Ulipitishwa 2001. 2004 ndipo ulipoanza kutumika. Endosulfani, dawa nyingine ya wadudu, iliongezwa 2011.

BintiMeru: Mzee wa Kihamba, shikamoo, lakini hapo kwenye meno umenichoma. Nimezaliwa Maji ya Chai. Mdogo wangu akicheka anaziba mdomo kwa kiganja, na kwenye picha zote za shule amefumba midomo. Ile ni floraidi, madini yanayoingia kwenye maji kutoka miamba ya Mlima Meru. Hakuna aliyeimwaga.

MzeeWaKihamba: Marahaba mwanangu. Sikumlenga mtoto, nisamehe. Lakini kama mlima wenyewe unatia sumu, wenye viwanda mnawaandama kwa lipi?

FundiPampu: Kwa hiyo kwa kuwa mlima unatoa floraidi, mtu amwage rangi mtoni? Hapana mzee. Tena hata magadi mnayopikia maharage huko Moshi yana floraidi. Msituangalie kwa juu.

KilemaJuu: Magadi yaacheni! Bibi yangu kayapikia maisha yake yote, ana miaka 91 na anatafuna mahindi ya kuchoma.

KemiaKidogo: Mungu amzidishie. Ila meno hubadilika yakiwa bado yanajijenga ndani ya fizi, utotoni. Ukiwa mtu mzima meno yanasalimika, mifupa ndiyo inayoumia ukinywa floraidi nyingi miaka mingi. Shirika la Afya Duniani linasema isizidi miligramu 1.5 kwa lita. Sisi kwa miaka mingi tuliruhusu mpaka 4.

KilemaJuu: Sasa hapo unamwita bibi yangu mwongo?

KemiaKidogo: Sijamgusa bibi, kaka. Nimetaja fizi.

BintiMeru: Na wanaotuambia "chemsha tu" wanatuumiza. Ukichemsha, maji yanapungua, floraidi inabaki ileile. Unazidi kuikoleza.

BustaniBondeni: Ndugu zangu, nimeuliza habari ya tope la Themi, tumefika kwenye magadi. Mzee amesema soko litakufa. Mimi ndiye ninayeuza, na bado nasema tupime. Watoto wangu wanakula kwenye tuta hilohilo. Nani anaungana nami tuandike barua?

FundiPampu: Mimi nipo, mkuu. Binti, samahani, lile chujio la mkaa wa mifupa la kupunguza floraidi, la kule Ngurdoto, mkaa unabadilishwa baada ya muda gani? Nyumbani kwa mama mkwe tunatumia kisima na kuna mtoto wa miaka 2.

BintiMeru: Inategemea maji yenu yana floraidi kiasi gani, kaka. Mkaa ukishachoka maji yanapita vilevile, na kwa macho huwezi kujua. Pimeni kisima kwanza. Huyo mdogo mkingieni maji ya mvua, ya kunywa na ya uji, kuanzia sasa.