MREJESHO: Zile sarafu nne za "dola ya fedha"

Habari wakuu. Niliuliza kama sarafu nne kubwa zinazoitwa dola za fedha zina madini ya fedha kweli. Asanteni sana kwa majibu.

Kilichosaidia zaidi ni ufafanuzi wenu: mkusanyaji wa sarafu akitaja dola ya fedha, mara nyingi anamaanisha ya Marekani ya 1935 kurudi nyuma, yaani Morgan (1878–1904 na 1921) au Peace (1921–1928, 1934–1935). Gramu 26.73, upana milimita 38.1, fedha asilimia 90, iliyobaki shaba.

Peace ya 1922 ni halisi. Ilikuja gramu 26.70. Kisha kikombe cha maji kikawekwa kwenye mizani, ikarudishwa sifuri, sarafu ikazamishwa kwa uzi bila kugusa kikombe: mizani ikasoma gramu 2.58. Gawanya 26.70 kwa 2.58, unapata 10.35 (uzito wake ukilinganishwa na maji ya ujazo uleule), ndiyo fedha ya asilimia 90. Mizani isome hadi 0.01, ya jikoni inayosoma gramu nzima ilinipotezea siku. Futa viputo vya hewa, vinashusha jibu.

Dola ya Marekani ya Eisenhower ya 1972 haina fedha: gramu 22.7, mstari wa shaba ukingoni. Eisenhower zenye fedha asilimia 40 zina gramu 24.59.

Ile ya Maria Theresa, sarafu ya Austria, riale ya wazee wetu wa pwani, ina gramu 28 na si dola ya Marekani. Mwaka wa kupigwa sijaupata, maana hata zilizopigwa baadaye huandikwa 1780.

Morgan ya 1881 ni fedha, lakini iliwahi kusuguliwa kwa dawa ya kung'arisha. Mikwaruzo hiyo haiondoki, na bei ya mkusanyaji imeshuka. Msisugue, tafadhali.