Naomba ushauri: viputo vya hewa kwenye vipuri vya resini vya ndege ya mfano

Ndugu zangu, habari za majukumu. Nipo Dodoma, ninaunda ndege ya mfano ya Fokker F27 kwa kipimo cha 1:72, kama zile zilizowahi kurushwa na Air Tanzania. Gamba la injini moja nimelichonga mwenyewe kwa vipande vya plastiki, na kwa kuwa injini ni mbili na ni lazima zifanane kabisa, nikatengeneza kalibu ya silikoni (mpira laini) ya kumiminia nakala zake.

Tatizo ni viputo. Kila ninapomimina resini ya epoksi (kimiminika kinachoganda kuwa kigumu kama plastiki), mdomo wa gamba wa kuingizia hewa ya injini, ambao ukingo wake ni mwembamba kama ukucha na ndani ya kalibu umeelekea juu, hutoka na vishimo vidogo. Baridi ya Juni huifanya resini iwe nzito, hivyo mimi huipasha chupa yake kwenye maji ya uvuguvugu na kukoroga polepole. Viputo vimepungua, lakini havijaisha.

Je, nichonge njia ya kutolea hewa hapo kwenye ukingo, au niigeuze kalibu ili mdomo uangalie chini? Fundi mmoja alinishauri niiweke kalibu na kugandamiza viputo kwa shinikizo la hewa ndani ya tangi kuukuu la kompresa ya kujazia matairi upepo, ila lina kutu na kwa kweli naliogopa. Mwenye uzoefu naomba anielekeze.