Nimeambiwa nikakojoe kwenye tanki la samaki. Leo hii. Mbele za watu

Mzamiaji wa Sebuleni:
Wakuu habari za jioni, ingawa yangu mimi si njema.

Nimetoka sasa hivi kwa yule bwana muuza samaki wa mapambo. Simtaji. Wenye matanki mnamjua, na kama humjui basi hujawahi kununua hata gapi mmoja mjini hapa.

Nilikwenda kwa heshima zangu zote. Tanki langu lina mimea hai, si yale majani ya plastiki ya saluni. Anubias imetoboka majani ya zamani na kingo zimekuwa za njano, hiyo njaa ya potasiamu. Echinodorus nayo majani machanga yanatoka yamepauka, mishipa tu ndiyo imebaki kijani, hapo mmea unadai chuma. Nikaomba mbolea ya maji. Akanitolea kichupa hakina lebo, nahisi enzi za ujana wake kilikuwa cha dawa ya kikohozi. Elfu thelathini na tano.

"Kaka, humu kuna nini?"
"Mbolea."
"Mbolea gani?"
"Ya majani."
"Ina shaba? Maana nina kamba, shaba ikizidi wanakufa."

Hapo sasa. Akavua miwani, akailaza juu ya kaunta taratibu kama hakimu, akapaza sauti mpaka wauza mitumba wa ng'ambo ya barabara wakasikia: "Mzee wangu, kama elfu thelathini na tano inakuuma, nenda nyumbani ukakojoe humo. Mbolea ni ile ile."

UKAKOJOE HUMO.

Duka zima likaangua kicheko. Kulikuwa na mama kaja na mtoto wa shule kununua chakula cha samaki, mtoto anamuuliza mama yake, "Anko atakojoa wapi?" Naapa hata samaki waliacha kula wakasogea kwenye kioo kunitazama.

Mimi! Mtu mzima, nina kitambi, nina kijana kidato cha tatu. Nikakojoe humo! Tungekuwa tunataniana sawa, lakini mimi na yeye hatujawahi hata kunywa chai pamoja. Kwenye daladala konda anasema "sogeeni humo ndani", mimi nasikia "kojoeni humo ndani".

Nikimpeleka serikali za mtaa nitaandika kosa gani?

Kambale Msomi:
Naweka kambi hapa.

Bibi Shamba:
Mleta uzi, swali moja tu. Ulikojoa?

Mzamiaji wa Sebuleni:
Bibi nakuheshimu sana.

Bibi Shamba:
Hujajibu.

Fundi Pampu:
Tusimuonee jamaa. Mkojo una yurea, na ile yurea ya mifuko ni naitrojeni asilimia 46. Mmea unakula naitrojeni. Potasiamu nayo imo kwenye mkojo.

Mama Neon:
Fundi acha kuua samaki wa watu. Yurea ikiingia kwenye maji inavunjika inakuwa amonia, inaunguza matamvua. Bakteria wakiifanyia kazi inakuwa naitraiti, sumu nyingine hiyo, ndipo ije kuwa naitreti. Na maji ya visima vyetu hivi pH iko juu, na pH ikipanda amonia inazidi ukali. Halafu samaki wenyewe wanatoa amonia kutwa nzima, naitrojeni mleta uzi anayo ya kumwaga. Shida yake ni potasiamu na chuma. Chuma kwenye mkojo atakitoa wapi?

Fundi Pampu:
Ameze vidonge vya kliniki kwanza.

Kambale Msomi:
😂😂😂 nimemwaga chai

Mzamiaji wa Sebuleni:
Elimu nashukuru, ila naona hamjanielewa. Alivua MIWANI kwanza. Mtu anayeropoka havui miwani. Huyu alikuwa na hiyo sentensi tangu asubuhi, anamsubiri tu wa kumpa.

Kichwa Maji:
Kichupa elfu thelathini na tano na wewe ulikuwa unatoa? Mimi nina honiwoti, haina hata mizizi, inakula mavi ya samaki na jua la dirishani. Sijawahi kuinunulia hata soda.

Mwana Kigoma:
Nyie mnalia mbolea. Mimi ziwa liko mlangoni, jana mtu ananipigia kutoka Dar anataka samaki Tropheus "wa Malawi". Tropheus haishi popote duniani isipokuwa Ziwa Tanganyika! Tena anataka amchanganye na hayo maua yenu kwenye maji laini. Ziwa letu pH inagusa 9. Na Vallisneria inaota humo humo, hakuna aliyeipelekea kichupa.

Kambale Msomi:
Huyo Tropheus kazi yake kukwangua mwani kwenye mawe. Akikosa mwani hiyo bustani anaimaliza yeye.

Mkulima wa Mbozi:
Wakuu nimeona neno mbolea nimeingia mbio. Kumbe kichupa! Mimi nimejisajili ruzuku, namba ninayo, wakala anasema mtandao hausomi. Mahindi yamefika magotini, mbolea ya kupandia haijafika.

Bibi Shamba:
Wa kwetu anasema mtandao upo, mbolea ndiyo haipo.

Mkulima wa Mbozi:
Afadhali wenu msema kweli.

Mama Neon:
Mleta uzi weka picha ya hilo jani. Na Anubias usifukie shina lake mchangani, linaoza. Taa isizidi saa 8 kwa siku, na ukianza mbolea badilisha nusu ya maji kila wiki, la sivyo mwani utakuhamisha nyumba.

Mzamiaji wa Sebuleni:
Mama shina liko juu ya jiwe, nimelifunga na uzi, maji nabadilisha. Mimi nazungumzia kukojoa. Angeniita pembeni akaninong'oneza ningemeza. Lakini mbele ya yule mtoto! Yule mtoto atakua ananikumbuka hivyo.

Kichwa Maji:
Picha hakuna, chai hii.

Fundi Pampu:
Bora wewe umetukanwa bure. Mwenye nyumba wangu anadai pampu yangu ya hewa inamaliza umeme, ananitoza nusu ya luku ya nyumba nzima. Pampu ya wati 3! Friji lake la kuuza barafu eti halili kitu.

Kichwa Maji:
Wati 3 usiku na mchana mwezi mzima ni yuniti 2 na kidogo. Unapigwa.

Mkulima wa Mbozi:
Barafu anauza bei gani huyo?

Fundi Pampu:
Mia mbili. Na hazigandi vizuri.

Mzamiaji wa Sebuleni:
Jamani, serikali za mtaa nakwenda au siendi?

Mkulima wa Mbozi:
Mia mbili!! Huku mia.

Bibi Shamba:
Mia mbili ya ubuyu au maji matupu?

Fundi Pampu:
Maji matupu Bibi.

Bibi Shamba:
Hama.