Ngariba wa Kiyahudi (moheli): aachiwe kazi yake au tohara yote ihamie kwa daktari?

Wadau naomba tujadili hili. Kila ikizuka ishu ya tohara huko Ulaya kuna watu wanakuja na hoja moja, kwamba yule ngariba wa Kiyahudi, wenyewe wanamwita moheli, kapitwa na wakati, kama ni lazima mtoto atahiriwe basi apelekwe hospitali daktari amalize kazi. Mi napinga, japo kuna sehemu siwezi kumtetea na ntaisema.

Kwanza tujue huyu mtu ni nani. Torati, Mwanzo 17, imeagiza mtoto wa kiume atahiriwe siku ya 8, na kidini mwenye wajibu ni baba mzazi, sasa baba wengi kisu hawakiwezi ndo moheli anakuwa wakili wake, baba anasoma baraka yeye anakata. Mtoto anapakatwa na mtu wa heshima anaitwa sandeki, kuna kiti cha nabii Eliya, na jina anapewa hapohapo mbele ya ndugu na majirani. Siku hiyo ikiangukia Sabato hawaahirishi, lakini moheli akimkagua mtoto akamuona ana manjano au mgonjwa shughuli inasogezwa hata kama wageni washaalikwa. Talmudi, mkusanyiko wa kale wa sheria na mafundisho ya Kiyahudi, inasema kabisa mama akishafiwa na watoto wawili kwa sababu ya tohara, wa tatu asitahiriwe, yani walishaona kuna familia damu haigandi kabla hata ya maabara. Kwahiyo mnaposema ni mtu wa kisu tu hamjamtendea haki.

Alafu hiyo hoja ya daktari mbona ilishajaribiwa Ujerumani? 2012 mahakama ya Cologne ilisema tohara ya mtoto kwa sababu za dini ni kosa la kumjeruhi, na kesi yenyewe ilikuwa ya mtoto wa Kiislamu wa miaka 4 aliyetahiriwa na DAKTARI, tena mahakama ikakubali kazi ilifanyika kitaalamu. Daktari aliachiwa ila msimamo ukabaki palepale. Kwahiyo tusidanganyane, wengi wanaopigia kelele moheli hawataki tohara yenyewe, na hiyo wana haki ya kuijadili lakini waiseme waziwazi wasijifiche nyuma ya hospitali. Desemba mwaka huohuo bunge la Ujerumani likapitisha sheria inayoruhusu mtu aliyeteuliwa na jumuiya ya dini na mwenye ujuzi unaotakiwa kumtahiri mtoto wa chini ya miezi 6. Mi hiyo naiona ni haki.

Sasa pale nisipomtetea. Baada ya kukata govi na kufunua utando wa ndani kuna hatua ya tatu, kunyonya damu ya kidonda, na baadhi ya Wayahudi wa msimamo mkali bado wananyonya kwa mdomo moja kwa moja. Jiji la New York lilihesabu watoto 11 waliopata virusi vya herpesi kati ya 2000 na 2011 baada ya tohara ambayo ilithibitika au ilidhaniwa sana kuwa ilikuwa ya namna hiyo, na wawili walikufa. Wawili jamani, wachanga wa siku chache! 2012 jiji likataka wazazi wasaini fomu ya ridhaa, 2015 likaifuta baada ya mvutano na viongozi wa dini, na hapo mi naona lilishindwa wale watoto. Na msiniambie ni kuingilia imani, rabi mkubwa kabisa wa Pressburg (leo Bratislava, Slovakia), Chatam Sofer, karne ya 19 aliruhusu damu ivutwe kwa sponji, na leo moheli wengi wanatumia mrija wa kioo. Na moheli kusukutua mvinyo mdomoni kabla ya kunyonya hakuui virusi vilivyoko kwenye mate.

Uswidi tangu 2001 moheli lazima awe na kibali cha serikali, mwisho wake ni mtoto wa miezi miwili, na dawa ya maumivu inatolewa na daktari au nesi aliyepo hapo. Hata Wayahudi wa mageuzi (tawi lao lisilo la msimamo mkali) Marekani tangu miaka ya 80 wanafundisha madaktari wawe moheli, wakiwemo wanawake, na wanawataja mfano wa Sipora mke wa Musa aliyemtahiri mwanawe mwenyewe, Kutoka 4.

Nyie wa upande wa daktari nijibuni hili: moheli akiwa na kibali, ganzi ipo, mdomo haugusi kidonda, bado mnampinga kwa lipi?