Madoa usoni, mstari tumboni na muwasho: kipi cha kawaida mimba ya wiki 24?

Tumaini_88: Habari za humu wadau. Mimba ya kwanza, wiki ya 24. Mashavuni na juu ya mdomo pametoka madoa ya kahawia, mstari mweusi unashuka toka kitovuni, na michirizi ya tumbo inawasha. Duka la vipodozi wameniuzia kikopo kisicho na lebo, eti kinatakatisha wiki mbili tu. Nipake?

mkunga_wa_zamu: Mdogo wangu, mstari usikusumbue. Homoni za mimba zinaamsha chembe zinazotengeneza rangi ya ngozi, ndiyo maana chuchu, kwapa na makovu ya zamani navyo vinakoza. Hufifia wenyewe miezi kadhaa baada ya kujifungua. Ukisugua limau utajiunguza, na ngozi yetu ikiungua huacha doa jeusi kuliko la mwanzo. Michirizi nayo haina mafuta ya kuizuia, hata wauzaji waape vipi. Muwasho wake unatulia kwa mafuta ya nazi au vaselini: oga maji ya uvuguvugu, jifute kwa kugusagusa, paka ngozi ikiwa bado na unyevu.

mfamasia_kkoo: Kikopo hicho usikifungue. Mikorogo ya namna hiyo mara nyingi huwa na haidrokwinoni (kemikali ya kung'arisha ngozi), zebaki au steroidi kali kama klobetasoli. Haidrokwinoni hupenya sana: theluthi moja au zaidi ya unayopaka huingia mwilini. Zebaki huumiza figo za mama na huvuka kondo la nyuma hadi kwenye ubongo wa mtoto unaokua. Hizo mbili zimepigwa marufuku kwenye vipodozi Tanzania na Kenya, lakini madukani zimejaa. Hata chenye lebo, ukikuta neno "calomel" ujue ni zebaki. Krimu za retinoidi (jamii ya vitamini A) pia ziache mpaka ujifungue.

Dawa kubwa ya hayo madoa ni kukinga jua. Tafuta losheni ya SPF (kipimo cha kinga ya jua) 30 au zaidi yenye zinki oksaidi, na ikiwezekana ile yenye rangi ya ngozi. Ile rangi ni oksidi ya chuma, inazuia hata mwanga wa kawaida ambao kwenye ngozi nyeusi unakoleza madoa. Na haikuachi umepauka kama uliyejipaka unga. Kipimo: kamua mistari miwili, mmoja juu ya kidole cha shahada na mwingine juu ya cha kati, toka shina hadi ncha. Hiyo ni ya uso na shingo. Wengi hupaka nusu yake halafu wanalalamika haifanyi kazi. Rudia kila saa mbili ukiwa juani, na kofia pana juu yake. Ukitaka cha kupunguza rangi, muulize daktari kuhusu asidi ya azelaiki ya asilimia 20. Inakubalika kwa wajawazito, ingawa siku za mwanzo inachomachoma.

Tumaini_88: Asante. Na muwasho ukizidi?

mkunga_wa_zamu: Angalia unapoanzia. Vipele vinavyoanza ndani ya michirizi na kukwepa kitovu huudhi sana lakini havimdhuru mtoto. Vikianzia kitovuni kisha vikawa malengelenge, muone daktari wiki hiyohiyo.

Wa kuogopa ni muwasho usio na upele: viganja na nyayo, usiku unazidi, kwenye ngozi huoni kitu zaidi ya alama za kucha. Mara nyingi huja baada ya wiki ya 28. Hapo nyongo haitoki vizuri kwenye ini. Mkojo unaweza kukoza, choo kikapauka. Usisubiri tarehe ya kliniki. Nenda siku hiyohiyo, omba kipimo cha ini na cha asidi za nyongo kwenye damu. Zikifika mikromoli 100 kwa lita, hatari ya mtoto kufia tumboni inapanda, na daktari huwahisha uzazi. Majibu yakiwa safi na bado unawashwa, rudia baada ya wiki moja hivi, maana muwasho huweza kutangulia majibu.

mfamasia_kkoo: Nyongeza kwa wasomaji wengine: aliyekuwa anajichubua miezi mingi mwili mzima asiache kimyakimya. Steroidi ikikatwa ghafla ngozi huwaka moto, na tezi zinazotengeneza steroidi ya mwili wenyewe zinaweza kuwa zimelala. Peleka kikopo chenyewe kliniki, hata kama kimebaki kitupu.