Splaisingi ya RNA na mtoto kulegea misuli, wapi na wapi?

mjukuu_wa_newala:
Wakuu habari, mtoto wa dada angu ana mwaka na miezi 2 shingo bado haikazi, ukimkalisha mkekani analala upande. Bibi anasema karogwa, tumehangaika mpaka Dar ndo vipimo vikasema SMA, ugonjwa wa jeni unaolegeza misuli. Daktari kaniandikia kwenye karatasi jina Adrian Krainer na neno splaisingi, nimegugo naona splaisingi hiyohiyo inatajwa kwenye kansa. Sasa misuli na kansa vinakutana wapi?

korosho_ghafi:
Pole mkuu. Navyojua DNA inanakiliwa kuwa RNA halafu seli inatoa visivyotakiwa, kama kubangua korosho tu, ganda unatupa.

wa_maabara_masasi:
Korosho ni nusu mkuu maana ukibangua huungi kitu. Chukulia fundi cherehani, anakata vipande visivyotakiwa halafu anashona vilivyobaki, hiyo ndo splaisingi, iligunduliwa 1977. Mtoto jeni yake ya SMN1 haifanyi kazi, anayo pacha wake SMN2 ila ina herufi moja tofauti kwenye kipande cha 7 basi fundi mara nyingi anakiruka, linatoka shati halina mkono, yaani protini isiyodumu, na neva za misuli zinakufa. Krainer (mzaliwa wa Uruguay, yuko Cold Spring Harbor kule New York) na wenzie wakatengeneza kitu kinachonata kwenye RNA, kinaziba pale panapomfanya fundi aruke. Ndo dawa ya nusinersen, Marekani waliipitisha Desemba 2016.

Kwenye kansa mbovu ni fundi mwenyewe. Mfano SF3B1 ni sehemu ya hiyo mashine ya kukata, kwenye baadhi ya kansa za damu inaharibika, inakata pasipo, na hapo haliharibiki shati moja, yanaharibika mengi.

korosho_ghafi:
Hilo la shati limenyooka. Bei sasa?

wa_maabara_masasi:
Ilipotoka kule ilikuwa dola 750,000 mwaka wa kwanza tu, tena sindano ya mgongoni. 2020 ikaja ya kunywa, risdiplam, nayo inamrekebisha fundi palepale. Ila neva ikishakufa hairudi, kwa hiyo msikae sana.

mjukuu_wa_newala:
750,000!! minada mingapi ya korosho hiyo 😭 Tunarudi kliniki wiki ijayo nitaulizia hiyo ya kunywa. Bibi ana cherehani yake barazani, la shati atanielewa.